Simu Ikilia Moyo Unaruka: Dopamini, Mudi Yako na Mtaji Wako

Leo siongelei bei za mzigo wala namna ya kupiga picha bidhaa zikatoka vizuri. Naongelea kitu kilicho ndani ya kichwa chako, kinachokuamsha asubuhi ukaposti, ukajibu wateja, ukakimbilia stendi kutuma mzigo. Kitu hichohicho, usipokijua, kinakula usingizi wako, mudi yako na mwisho mtaji wako. Kinaitwa dopamini. Posti ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko na mteja malizana naye kwanza, hifadhi, usome jioni umetulia.

Mimi ni muuza duka wa hapa Nyasubi, Kahama, sio daktari. Shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea mwenyewe. Nitaeleza kwa lugha yetu ya dukani.

HALI AMBAYO WOTE TUNAIJUA

Saa moja asubuhi muuzaji kaposti viatu pea tatu kwenye status. Saa moja na dakika tano anaangalia nani kaona. Saa moja na robo anaangalia tena. Saa mbili watu arobaini wameona, hakuna aliyeuliza bei. Anaingia Instagram, anarudi WhatsApp, anapita TikTok, anarudi tena WhatsApp. Saa nne simu inalia. Moyo unaruka! Anafungua haraka: kampuni ya simu inamwambia katumia asilimia 75 ya bando lake.

Mudi inashuka palepale. Mteja anayeingia dukani dakika hiyo anajibiwa mkato. Sasa jiulize, kimepotea nini hapo? Hakuna hela iliyotoka, hakuna mzigo ulioibiwa. Kilichotokea kimetokea kichwani tu, na ndicho tunachokwenda kukiangalia.

DOPAMINI NI NINI HASA

Seli za ubongo hazijaunganishwa kama nyaya za umeme. Zinapelekeana taarifa kwa kutumia kemikali. Dopamini ni mojawapo ya kemikali hizo. Seli zinazoitengeneza ni chache ukilinganisha na ubongo mzima, lakini matawi yake yanafika sehemu zinazoendesha mwendo wa mwili, zinazoleta hamu ya kutafuta kitu, na zinazofanya maamuzi.

Kazi yake ilianza kueleweka miaka ya 1950. Mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa inayomaliza dopamini kwenye ubongo. Sungura wakalegea, wakabaki wamekaa tu hawasogei. Halafu akawapa levodopa, kitu ambacho ubongo unakigeuza kuwa dopamini. Muda mfupi baadaye sungura wakaamka, wakaanza kutembea. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Kwa binadamu hali hiyo tunaiona kwenye ugonjwa wa Parkinson. Seli zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo, mtu anaanza kutetemeka mkono, mwendo unakuwa mzito, uso unapoteza uchangamfu, na wengi wanapata sonona. Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na matokeo yakatoka mwaka 2008: walipata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kwa hiyo kama una mzee nyumbani anatetemeka na amekuwa mzito, usiseme tu "uzee huo" au "karogwa". Mpeleke hospitali, dawa ya kumsaidia ipo, na ni hiyohiyo levodopa.

Weka kichwani hili la kwanza: kazi kubwa ya dopamini ni kukunyanyua. Ikipungua sana, hata kuinuka kwenye kiti kunakuwa mlima.

WATU WANAIITA KEMIKALI YA FURAHA. SIO KWELI SANA

Kusema dopamini ni furaha ni kama kusema karasha ni dhahabu. Karasha linasaga mawe usiku kucha na kelele zake unazisikia mbali, lakini dhahabu ni kitu kingine.

Mtafiti wa Marekani, Kent Berridge, pamoja na wenzake waliwachukua panya wakaiondoa karibu dopamini yao yote. Panya hao wakaacha kabisa kutafuta chakula, hata kikiwa mbele yao. Wasingelishwa wangekufa kwa njaa. Lakini walipodondoshewa sukari mdomoni, nyuso zao zilionyesha kabisa kwamba wanaipenda, sawa na panya wazima. Utamu walikuwa wanausikia kama kawaida, kilichoondoka ni ile hamu ya kuufuata.

Kutaka na kufurahia ni vitu viwili tofauti, na dopamini iko zaidi upande wa kutaka. Ndiyo maana mtu anakesha anasukuma video mpaka saa saba usiku, na ukimuuliza asubuhi ni ipi aliyoifurahia, haikumbuki hata moja.

SIRI IKO KWENYE "LABDA"

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe, soma taratibu.

Mwanasayansi Wolfram Schultz alikuwa anapima seli za dopamini kwa nyani, huku akiwapa matone ya juisi. Alikuta mambo matatu.

Moja, juisi ikija bila kutegemewa, seli zinaruka juu. Pili, nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinaruka kwenye taa, na juisi ikija zinatulia tu, kwa sababu ilikuwa inajulikana inakuja. Tatu, taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zinashuka chini ya kiwango chake cha kawaida.

Kwa maneno mengine, dopamini inafanya hesabu: nilichopata toa nilichotegemea. Ukipata zaidi ya ulivyotegemea, inapanda. Ukipata ulichotegemea, inabaki palepale. Ukipata pungufu, inashuka na unasikia vibaya, hata kama ulichopata sio kidogo.

Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha jingine. Kama nyani hana uhakika juisi itakuja, seli zinaendelea kuchemka muda wote wa kusubiri. Zilichemka zaidi ya wakati wowote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu: labda inakuja, labda haiji.

Hiyo "labda" ndiyo inayomshika mtu.

DUARA, DUBWI NA SIMU YAKO

Sisi wa huku kanda ya dhahabu hatuhitaji nyani kutufundisha hilo. Nenda Mwime, nenda Kakola, pita mpaka Geita, ongea na wachimbaji wadogo. Mtu yuko kwenye duara miezi na miezi, viroba vinatoka vya mawe matupu, na kila siku anakwambia "kesho tunafika kwenye mwamba". Mara moja kwa nadra kweli anafika, na siku hiyo mji mzima unajua. Sisi wauza nguo na simu tunajua kabla ya wengine! Ile mara moja ndiyo inayomrudisha shimoni mara mia. Kama dhahabu ingekuwa inatoka gramu moja kila siku bila kukosa, uchimbaji ungekuwa kazi ya kawaida kama kusaga unga.

Zile mashine za kutumbukiza sarafu ya mia mbili, dubwi, zimetengenezwa juu ya jambo hilohilo. Mwenye mashine kapanga mapema kiasi kitakachobaki kwake. Wewe umepangiwa ushinde mara mojamoja, bila kujua ni lini. Mkeka nao ni vilevile: mechi tano zimeingia, moja imechana, na kichwa kinasema "nilikaribia". Sheria yetu inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayosimamia. Lakini bodi haiwezi kusimamia kinachoendelea ndani ya fuvu lako ukiwa na miaka 25.

Unataka ushahidi kwamba dopamini inahusika na kamari? Zipo dawa za Parkinson zinazofanya kazi kwa kuiga dopamini. Madaktari waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa, watu wazima wenye heshima zao ambao hawakuwahi kucheza kamari, walianza kucheza mpaka wakapoteza mali. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi waliacha. Tabia ilikuja na dawa na ikaondoka nayo. Kwa hiyo ukimwona jamaa kaangukia kwenye kubeti, usimalize kwa kusema hana akili. Ana akili kama yako, ila imeshikwa mahali pale ambapo na yako inaweza kushikwa.

Sasa angalia simu yako. Unavuta skrini chini kwa kidole, kiduara kinazunguka, unasubiri: labda kuna oda, labda hakuna. Umeona ilivyofanana na mashine? Laiki zinakuja bila mpangilio. Oda vilevile. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyewahi kuwa rais wa Facebook, alisema hadharani kwamba mitandao hii ilijengwa kwa lengo la kumeza muda na umakini wa watu, na dopamini aliitaja kwa jina.

Mtu mwingine anaweza kuiweka simu kabatini akamaliza mchezo. Sisi hatuwezi, kwa sababu duka letu liko ndani ya hiyo mashine. Hapo ndipo shida yetu inapotofautiana na ya wengine.

INAVYOKULA BIASHARA

Inakula kwa njia nne ninazoziona kwa wauzaji wengi wa mtandaoni.

Kwanza, mzigo wa mhemko. Kuagiza mzigo mpya Kariakoo kunasisimua kuliko kuuza wa zamani, maana mzigo mpya una "labda" nyingi. Matokeo yake hela inalala kwenye mabegi yasiyotoka, wakati ile bidhaa ya kawaida inayouzika kila wiki imeisha.

Pili, kufukuza laiki. Video ya kuchekesha inapata watu elfu tatu, ya bei na saizi inapata sitini. Kichwa kinakwambia endelea na ya elfu tatu. Lakini wanunuzi wako wamo kwenye wale sitini.

Tatu, siku mbaya inazaa siku mbaya zaidi. Jana uliuza laki mbili, leo elfu arobaini. Elfu arobaini sio hasara, ila kichwa kilishategemea laki mbili, kwa hiyo kinashuka. Mtu aliyeshuka anatafuta cha kumpandisha haraka: bia, mirungi, mkeka. Mirungi ina kemikali inayomwaga dopamini kwa nguvu, ndiyo maana mtu anajisikia mfalme usiku na takataka asubuhi. Juu ya hapo imekatazwa kisheria. Mtaji mwingi unafia kwenye jioni kama hiyo.

Nne, usingizi. Kujibu meseji saa nane usiku kunaonekana ndiyo kupambana. Vipimo vya ubongo vimeonyesha kwamba mtu aliyekosa usingizi anakuwa na vipokezi vichache vya dopamini vinavyofanya kazi vizuri. Yani kesho yake utahitaji msisimko mkubwa zaidi ili usikie kile ulichokuwa unakisikia kwa kidogo. Unaanza siku na deni.

UFANYE NINI, NA SIMU NDIYO DUKA LAKO?

1. Ipunguzie simu "labda". Zima milio ya laiki na makundi. Acha milio miwili tu: ya kupiga na ya hela kuingia. Meseji za wateja zifungulie kwa saa maalumu, mfano kila baada ya dakika 45, na waandikie kabisa kwenye wasifu wako kwamba unajibu ndani ya saa moja. Mteja mwenye nia anasubiri saa moja. Anayekimbia ndani ya dakika tatu mara nyingi alikuwa anapiga stori.

2. Hesabu kazi, usihesabu bahati. Chukua daftari, andika vitu unavyovimiliki wewe: leo nimewafuatilia wateja kumi waliosema "nitakutafuta", nimeposti bidhaa nne zenye bei, nimetuma mizigo yote kabla ya saa tisa. Kila unachomaliza weka tiki. Ile tiki ni kitu kidogo, lakini ubongo unajifunza kutegemea kazi badala ya kutegemea mlio.

3. Pima mauzo kwa wiki. Ukijilinganisha na jana kila siku, utapanda na kushuka kama pikipiki kwenye barabara ya mashimo. Piga hesabu Jumapili jioni, linganisha wiki na wiki, na sisi huku kumbuka msimu: wakati wa kuvuna mpunga sio sawa na Februari.

4. Mzigo mpya ulale usiku mmoja. Umeona kitu kizuri kwa msambazaji, usilipie palepale. Andika, lala, asubuhi angalia daftari: cha aina hiyo mwezi uliopita kilitoka vipande vingapi? Kama asubuhi bado hesabu inakubali, lipia.

5. Mtaji ukae mbali na kidole. Hela ya mtaji isikae kwenye laini ileile unayoweza kubeti kwa kubonyeza mara mbili. Weka benki, au laini nyingine ambayo simu yake inabaki nyumbani. Mtu aliyeshuka mudi hatembei kilomita mbili kwenda kuharibu hela. Anaharibu iliyo karibu.

6. Lala, tembea, kula. Simu ilale chumba kingine. Tembea kwa miguu nusu saa, hata kama ni kupeleka mzigo stendi badala ya kumpa bodaboda. Mazoezi yanasaidia mudi, hilo limepimwa sana. Dopamini inatengenezwa kutokana na protini, kwa hiyo maharage, dagaa, mayai na karanga vinatosha. Usitafute cha ajabu.

NA MTEJA WAKO NAYE ANA DOPAMINI

Hii ni zawadi kwa mliofika huku chini. Kumbuka hesabu: nilichopata toa nilichotegemea.

Mteja wa Masumbwe umemwambia mzigo utafika Jumanne, ukafika Alhamisi. Mwingine wa Ushirombo umemwambia Ijumaa, ukafika Alhamisi hiyohiyo. Mzigo mmoja, basi moja, siku moja. Wa kwanza kakasirika na anakusema kwenye makundi, wa pili kakutumia meseji ya shukrani na kesho anamleta dada yake. Tofauti ni ahadi yako tu.

Kwa hiyo ahidi siku ambayo una uhakika nayo, halafu jitahidi uwahi. Picha nayo usiing'arishe kupita bidhaa yenyewe, maana kila unachoongeza kwenye picha unakipunguza kwenye furaha ya mteja akifungua mfuko. Mzigo ukichelewa, sema mapema kabla hajauliza. Hapo unaishusha "taa" taratibu badala ya kumwacha aangukie kwenye juisi ambayo haipo. Na ukitaka kumpa kazawadi, hata soksi pea moja, usimtangazie. Kitu asichokitegemea ndicho anachokikumbuka.

Ila tusiwafanyie wateja wetu kile dubwi linachotufanyia. Punguzo la uongo na "zimebaki mbili tu" wakati una katoni nzima vinauza leo. Keshokutwa mtu anajua, hesabu yake inashuka, na hakuna mlio utakaomrudisha.

MSIUZIWE UONGO

Mtandaoni kuna watu wanauza vidonge vya "kuongeza dopamini". Jua hili: dopamini ukiimeza haiwezi kupenya kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana hata wagonjwa wa Parkinson wanapewa levodopa, ambayo inapenya. Mbegu za upupu, huu huu unaowasha, zina levodopa ya kweli ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya kutozichezea: kiasi hakijulikani, na zinaweza kukuletea kutapika, presha kushuka na kuchanganyikiwa. Dawa hiyo inaandikwa na daktari kwa vipimo.

Wengine wanasema ukae siku tatu bila simu, bila chumvi, bila kuongea, "usafishe dopamini". Haisafishwi, mwili unaitengeneza kila sekunde, na ikikuishia utakuwa kama wale sungura. Kupumzika na simu ni vizuri, faida yake ni kwamba unavunja mazoea.

LINI SIO SUALA LA SIMU TENA

Mudi ina vitu vingi, dopamini ni kimoja tu. Kama wiki mbili mfululizo hufurahii chochote, hata mauzo yakiwa mazuri, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, au unawaza bora usiwepo, hiyo ni sonona na inatibika. Kama umejaribu kuacha kubeti au pombe mara kadhaa ukashindwa, huo nao ni ugonjwa. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, useme kama ulivyo. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe, Dodoma, wanaogopa kuchekwa. Wengi wanahudumiwa hapahapa karibu na nyumbani na kesho yake wako dukani. Na wewe unayemwona mwenzako wa soko kabadilika, hauzi, haposti, hapokei simu, usingoje akukopee. Mpigie, au mfuate kabisa.

Kazi ya leo ni moja. Kabla hujalala fungua ukurasa mpya wa daftari, andika majina matano ya wateja walioulizia bei wiki hii wakanyamaza. Halafu simu iende chumba kingine. Kesho asubuhi, kabla ya kuangalia nani kaona status, wapigie hao watano. Atakayeuza hata kimoja aje atuambie hapa chini kauza nini.